Umbo Kwanza, Rangi Baadaye

Ninapoanza picha mpya ya kitabu cha watoto, hutangulia kushika mkasi kabla ya brashi. Hukata karatasi nyeusi katika umbo la mbuzi, mtungi au mtoto aliyechuchumaa, nikabandika kipande hicho juu ya karatasi nyeupe, kisha nikakitazama nikiwa upande wa pili wa chumba. Ikiwa mbuzi hatambuliki kwa weusi wake mtupu, najua kwamba rangi haitamsaidia.

Mazoea hayo nimeyachota kwenye picha za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, takriban miaka minne baada ya kuanza kuchora jijini Dar es Salaam. Alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, vyenye upande wa sentimita 60 hivi, na katika kazi nyingi alizoziacha mnyama mmoja huujaza ubao karibu wote, huku nyuma yake pakiwa na rangi moja tu. Watu wengi wakisikia jina la Tingatinga hukumbuka wingi wa nukta na wanyama waliosongamana katika picha zinazouzwa kwa watalii, na baadhi ya picha hizo nazipenda kwa dhati. Hata hivyo, kilichonifunza ni utulivu wa zile za mwanzo, ambamo nafasi iliyobaki kati ya miguu ya chui na ukingo wa ubao imepimwa kwa uangalifu uleule aliopewa chui mwenyewe, hata nikaanza kuiona nafasi hiyo kuwa umbo linalojitegemea.

Rangi nilijifunza kwenye kanga za bibi yangu, hasa kisutu chake chekundu, cheusi na cheupe. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani msemo, lililoandikwa chini ya mji. Na kwa kuwa kila rangi hupigwa chapa peke yake, mbunifu hulazimika kuamua mapema ni rangi zipi chache zitakazobeba kazi yote. Nyeupe ya kisutu ni kitambaa chenyewe kilichoachwa wazi.

Somo hilo nililisahau katika kitabu changu cha kwanza. Nilitumia rangi kumi na moja katika picha ya harusi ya usiku, na kilipotoka kiwandani kwenye karatasi ya bei nafuu, bluu, zambarau na kijani vilikuwa vimegeuka kuwa giza moja, na bibi harusi haonekani. Niliumia sana. Tangu hapo sivuki rangi nne, na nyeusi ni mojawapo daima, ingawa nimeshauriwa mara nyingi kwamba watoto huiogopa. Sikubaliani na ushauri huo, kwa sababu nimewaona watoto wakilala fofofo juu ya kisutu.

Sasa nachora hadithi ya wavuvi wa dagaa, na kwa wiki tatu bahari imenishinda, kwani kila bluu niliyoijaribu iliimeza mitumbwi. Jana niliiacha karatasi iwe nyeupe, nikapaka bluu kwenye ukingo wa ukurasa peke yake, kama pindo, na mitumbwi ikaelea.