Alikuwa na ng'ombe wangapi?

Nimerudi Mbeya jana usiku, na neno la baba bado limenikaa kooni. Kipaimara cha Atu kimepita salama, mama mkubwa na mdogo wake wamepatana, ndizi zimejaa nyumba nzima. Mimi nawaza lile swali tu.

Jumamosi jioni kule Tukuyu tulikuwa jikoni tunaota moto, baba anapukuchua mahindi. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya yule golikipa wangu wa India, Sreejesh, wa mpira wa magongo, amekaa juu ya goli Tokyo mwaka 2021. Nikamweleza: India 5, Ujerumani 4, zimebaki sekunde sita hivi, Wajerumani wana kona ya adhabu, akaipangua. Nchi yake ilikaa miaka 41 bila medali ya Olimpiki kwenye mchezo huo! Nikaenda hadi Paris 2024, alivyoaga na shaba ya pili, wakaamua jezi namba 16 asiivae mwingine timu ya wakubwa. Baba anaitikia, "Ehee." Nikafika ninapopapenda mimi: ni mtoto wa mkulima wa Kerala, na baba yake aliuza ng'ombe ili amnunulie pedi za kudakia.

Baba akaacha kupukuchua.

"Huyo baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Sijui, baba."

"Ungeanza na hilo."

Akarudi kwenye gunzi lake.

Niliumia. Habari ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, nilishawaandikia: nilikuwa nadaka mpira wa mikono, nikachaguliwa kambi ya mkoa, nikaomba raba, akasema hana. Sikwenda. Kwa hiyo Jumamosi nilisikia mtu anayejitetea. Usiku kucha nikawa namjibu kimoyomoyo: hata angekuwa naye mmoja, si aliuza? Mtoto si alifika? Kwenye basi nikalirudia tena, Kiwira hadi Uyole, kila mara jibu langu linakuwa kali zaidi.

Leo asubuhi dukani nampimia mteja maziwa, kikombe cha nusu lita kikafurika hadi vidoleni. Yalikuwa ya moto. Nikamkumbuka Sikujua, ng'ombe wetu. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kuuzwa, ya jioni tulikunywa sisi wanne. Sare, madaftari, hata nauli ya mimi kwenda kidato cha tano, yote yalitoka kwake. Hakukuwa na mwingine zizini.

Baba hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa anamuulizia yule mzee mwenzake: alitoa mmoja katika watano, au alitoa wa pekee? Na jioni ile, baada ya kumswaga hadi kwa mnunuzi, alirudi nyumbani akawaambia nini watoto wengine?

Sasa na mimi nataka kujua. Nimeshika simu mara mbili nimpigie baba, nikaiweka.

Halafu viazi vya stoo vimeanza kuchipua, gunia saba, na dalali hapokei simu tangu Ijumaa.