Kumbukumbu ya mradi: saa ya prosesa baada ya kompyuta kulala

Jumapili usiku. Nimelikamata kosa la saa.

Kila nikiilaza kompyuta yangu ya zamani na kuiamsha, dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo wa Linux) hunitolea onyo lilelile: TSC, kihesabio cha mapigo kilicho ndani ya prosesa, haiaminiki tena. Kuanzia hapo Linux husoma muda kwa HPET, saa nyingine iliyo nje ya viini vya prosesa na inayosomwa polepole. Kusoma saa kulikochukua makumi ya nanosekunde sasa kunazidi maikrosekunde moja, na programu yangu huisoma kwa kila pakiti ya data ya mtandao inayopita.

Kilichonikera ni kwamba /proc/cpuinfo, faili inayoorodhesha sifa za prosesa, inaonyesha constant_tsc na nonstop_tsc. Ya kwanza inaahidi kihesabio hakibadili mwendo prosesa ikipunguza kasi. Ya pili, kwamba hakisimami ikipumzika. Ila hakuna kati yake inayoahidi kuwa viini vyote vya prosesa (sehemu zake zinazofanya kazi sambamba) vina hesabu moja. Hapo ndipo nilipopotea wiki nzima.

Nikaandika jaribio kwa C, nikifuata mbinu ya kerneli yenyewe. Nyuzi mbili (mikondo miwili ya programu inayoendeshwa kwa wakati mmoja), kila moja imefungwa kwenye kiini chake, zinapokezana kufuli moja, yaani ruhusa ya kuwa na zamu. Inayoshika kufuli inasoma TSC na kuilinganisha na namba iliyoachwa na mwenzake. Ikipata ndogo zaidi, basi muda umerudi nyuma. Toleo la kwanza lilinionyesha makosa ya mapigo machache hata pasipo na kosa: prosesa ilikuwa ikiitanguliza rdtsc, amri ya kusoma TSC, kabla ya zamu yake. Nilipoweka lfence, amri inayoizuia prosesa kutanguliza hivyo, kabla yake, yakaisha.

Kerneli hupima kwa milisekunde chache tu. Mimi nikaliacha jaribio likimbie usiku kucha. Kompyuta ikiwa imewashwa upya: makosa sifuri hadi asubuhi. Baada ya kulala: viini 1, 2 na 3 vinakubaliana kabisa, ila kiini 0 kimeachana navyo kwa mapigo 2,904, na tofauti hiyo haikui. Kwa prosesa ya GHz 2.4 (mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde) ni kama maikrosekunde 1.2. Kiini 0 ndicho kinachoamka kwanza na kuendesha BIOS, programu ya msingi ya kompyuta, kwa hiyo naishuku BIOS kuwa ndiyo iliyokigusa kihesabio.

Ningeweza kuwasha kwa tsc=reliable, chaguo la kerneli linaloiambia iiamini TSC, onyo likanyamaza. Sitaki, hiyo huondoa ukaguzi na kuliacha kosa palepale. Prosesa mpya zaidi zina rejista (nafasi ndogo ya kuhifadhi namba ndani ya prosesa) ya TSC_ADJUST ambayo kerneli huitumia kurekebisha jambo hili. Yangu haina.

Kwa sasa siku za vipimo kompyuta hailali. Kesho najaribu BIOS mpya, kisha narudia jaribio lilelile la usiku kucha.