Mvua inyeshe, jua liwake: mwambie fundi mapema

Msimu wa ndoa ukifika hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ugomvi wa wateja na mafundi wa nguo haukosi, na kauli ni ile ile: "Mvua inyeshe, jua liwake, nguo zangu nazitaka leo!" Kosa liko kwenye hiyo "leo". Ukiisema siku ya kuchukua nguo umeshachelewa. Kitenge bado kimekunjwa mfukoni, na hasira haishoni.

Mahali pa kauli hii ni siku ya kuacha kitambaa, avansi (malipo ya mwanzo) ikiwa bado mkononi mwako. Hapo inakuwa sharti, si kelele. Lakini kabla ya kuitamka, ziba mianya ya visingizio. Kitenge cha yadi 6, karibu mita 5 na nusu, kwa kawaida kinatosha gauni refu la mtu mmoja; ila maua yakiwa makubwa na yanatakiwa kukutana sawasawa kwenye mishono, kitambaa kinaliwa zaidi, kwa hiyo mwambie apime mbele yako. Zipu, bitana na uzi wa rangi yake nunua mwenyewe, umkabidhi akihesabu. Muulize kama ana cherehani ya kukanyaga kwa mguu na pasi ya makaa. Akikujibu anavyo, "umeme ulikatika" haina kazi tena.

Sasa sema: "Papa fundi, harusi ni Jumamosi. Mvua inyeshe, jua liwake, Jumatano saa kumi ninakuja kujaribu." Akikubali, ndipo umpe avansi, nusu ya pesa. Na iwe Jumatano, si Ijumaa. Kwapa likibana au kiuno kikipwaya, anabaki na siku mbili za kufumua na kushona upya. Tena taja siku na saa. "Wiki ijayo, mvua inyeshe" haimbani mtu yeyote.

Angalia pia umejifunga mwenyewe: hapa mvua inanyesha kweli, Septemba hadi Mei. Ukishindwa kupanda hadi kwa fundi wako huko Kadutu, mtaa wa mlimani, kwa sababu ya matope, fundi atakukumbusha maneno yako, na ana haki.

Kwa fundi wa umri wa wazazi wako, geuza mzigo uubebe wewe: "Papa, mimi nitakuwa hapa mlangoni, mvua inyeshe, jua liwake." Ameelewa, na hukumvunjia heshima. Kumtupia "sitaki visingizio" usoni ni utovu wa adabu, na nguo yako itakwenda chini ya rundo.

Fundi akifiwa, kauli hii iweke kando kabisa. Nenda kwenye kilio, toa pole, kisha uliza kwa upole kama ameshakata. Kitambaa kizima utakipeleka kwa fundi mwingine pamoja na karatasi ya vipimo. Kilichokatwa omba amalizie msaidizi wake, kwa sababu kila fundi ana namna yake ya kuacha nafasi ya mshono, na mgeni akiunganisha vipande hivyo gauni linaweza kubana.