Joka la vichwa vingi likihamia Malagarasi, moto utautoa wapi?

Mimi na washkaji hapa Kigoma tunajenga dunia yetu ya kufikirika kwa ajili ya gemu ya kete, na sa hivi tumefika kwenye kinamasi, kwa hiyo joka la vichwa vingi lazima liwepo, hilo halina mjadala. Ila watu wanabishania idadi ya vichwa tu, huyu saba kama kwenye hadithi za bibi, yule tisa, mwingine anataka 12. Jamani, vichwa sio ishu. Ishu ni moto.

Icheki Hidra ya Wagiriki wa kale, ile ya kinamasi cha Lerna kule karibu na Argos. Shujaa Herakles anaponda kichwa kimoja vinaota viwili, mabavu yote yale hayasaidii kitu mpaka mpwa wake Iolaos akawasha sehemu ya pori la jirani, akawa anakuja na vijinga vya moto anaunguza shingo kabla haijachipua tena. Kile kichwa kisichokufa wakakifukia chini ya jiwe. Alafu mfalme Eurystheus, aliyempa Herakles kazi hiyo, akagoma kuihesabu hiyo kazi eti jamaa alisaidiwa! Mabosi wa hivyo tunawajua.

Hata Dungeons & Dragons, ile gemu maarufu ya kete ya kuigiza wahusika, kwenye toleo la tano wamelishika hilo: Hidra inaanza na vichwa vitano, ukiijeruhi pointi 25 au zaidi ndani ya zamu moja kichwa kimoja kinakufa, na zamu yake ikiisha vinaota viwili kwa kila kilichokufa, labda iwe imeguswa na moto.

Sasa lilete joka hilo huku kwetu. Malagarasi-Muyovozi, ardhioevu yetu, ni hekta zaidi ya milioni 3, inakula Kigoma inaingia mpaka Tabora, ndio eneo la kwanza la Tanzania kuingia orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000. Mafunjo, matete, maji, mamba, viboko. Masika imekolea, kuni zimelowa, kiberiti umekifunga kwenye mfuko wa nailoni na bado hakiwaki, hapo Iolaos wako atachoma nini? Yani masika joka halipigiki, linafuata maji linavyopanda hadi mashambani na watu wanahama tu, basi. Kiangazi ndio nyasi zimekauka na mwenge unawaka bila shida, lakini joka nalo sio jinga bana, maji yakipungua linajifukia kwenye tope kama kamongo linasubiri mvua. Moto upo, joka halionekani.

Hapo ndipo gemu inanoga. Nimeweka kwamba likilala, kichwa kimoja kinabaki macho (hii nimeiiba hukohuko kwa D&D), shingo imesimama katikati ya mafunjo na mvuvi akiwa mbali anadhani ni ndege korongo. Ukikiona hicho umeshajua pa kuchimba, ila na chenyewe kimeshakuona.

Mshkaji mmoja mhusika wake ni mpika chumvi wa Uvinza, chumvi ambayo watu walikuwa wanaifuata toka mbali hata kabla reli haijafika Kigoma 1914, basi akauliza kama anaweza kumwaga gunia zima kwenye shingo iliyokatwa badala ya moto. Tumebishana hapo mpaka chai imepoa. Nikamwambia haya, rusha kete, ukipata zaidi ya 15 nakubali.

Akapata 3.