Siku moja na kompyuta zilizogoma kuonyesha picha, Mtwara

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua ofisi hapa Chikongola. Mashine zinazotoka Shangani, karibu na bahari, nazitambua kabla sijauliza: skrubu zina kutu, meno ya kadi ya picha, ile inayotuma picha kwenye kioo, yamefifia. Hizo naanza kwa kuzisugua meno na ufutio wa penseli, kisha spiriti.

Saa 3:00. Mama mwenye stesheneri kashuka na CPU kwenye bajaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Inawaka, feni inazunguka, ila kioo cheusi kabisa."

Namuuliza waya wa monita ulichomekwa wapi. Ananionyesha tundu la juu, la madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), wakati mashine ina kadi yake ya picha kule chini. Nahamishia huko, picha hiyo. Sikuchukua hela. Kuhamisha waya si kazi ya kumtoza mtu.

Saa 4:00. Huyu ndiye aliyekula muda wangu. Kijana anahariri video za harusi, na huku korosho zikishauzwa sherehe hazipishani. Mashine inafanya kazi vizuri mpaka aanze kutoa video, yaani kuikamilisha iwe faili la kumpa mteja, hapo inazima puu! Kaambiwa kwingine kadi imekufa, anunue nyingine.

Nafungua. Ni mashine ya ofisi iliyotumika, pawa saplai yake, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ni wati 240. Kadi ina tundu la pini 8, na kwa kuwa pawa saplai haina waya huo, mtu kaunga adapta kutoka waya wa hadi diski. Plastiki imeshaanza kuwa kahawia. Naomba tuelewane hapa: tundu la madabodi linaipa kadi wati 75 tu, pini 6 inaongeza 75, pini 8 inaongeza 150. Waya wa hadi diski haukutengenezwa kubeba mzigo huo, na unaweza kuwaka moto. Nimefunga pawa saplai yangu ya wati 550 kwa majaribio, nikamwachia atoe video ndefu kuliko zote alizonazo.

Saa 7:30 mchana. Ming'oko na chai. Video bado inatoka, mashine haijazima.

Saa 9:00. Mchezaji wa gemu, kioo kimejaa mistari na vidoti vyekundu. Nawasha na kutazama kabla Windows haijaingia: mistari ipo tangu kwenye BIOS, programu ya mwanzo kabisa ya mashine. Ingekuwa draiva, programu ya Windows inayoendesha kadi, isingeonekana mapema hivyo. Nabadilisha waya na monita, vilevile. Ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kaka anataka niichome kwa hewa ya moto kama alivyoona mtandaoni. Nimekataa. Kadi hufanya kazi siku chache, halafu hufa, na hela ya mtu imekwenda.

Saa 10:30. Mwalimu, maandishi yamekuwa makubwa baada ya sasisho. Draiva tu: nimeifuta kwenye hali salama (Safe Mode) kwa DDU, programu ya kufuta draiva, nikaweka ya kampuni iliyotengeneza kadi.

Saa 12:00 jioni. Kijana wa harusi karudi, video imekamilika, kadi nzima. Ile adapta nimeikata kwa koleo mbele yake isije ikatumika tena. Pawa saplai tumeagiza Dar, inakuja na basi.