Mwana wa Mfalme wa Moroko mbele ya makasha matatu

Ukitaka kujua mtunzi anavyokuelekeza umhukumu mhusika, angalia kipi kimetangulia: rangi ya mtu au tendo lake. Rangi ikitangulia, kila tendo litakalofuata litasomwa kupitia rangi hiyo.

Mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili ni tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuiita Mabepari wa Venisi, ikachapwa mwaka 1969. Wasomaji wengi humkumbuka Shylock, mkopeshaji Myahudi, na ratili ya nyama anayodai ikatwe mwilini mwa mdeni wake. Walimu nao, muda ukiwabana, huruka maonyesho ya wachumba na kukimbilia mahakamani. Huko ni kuruka moyo wa tamthilia.

Kisa chenyewe ni hiki. Portia, binti tajiri wa Belmont, haruhusiwi kujichagulia mume. Marehemu baba yake ameacha makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Atakayechagua lenye picha ya Portia atamwoa. Atakayekosea ameapa kutomposa mwanamke mwingine maisha yake yote. Katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza, Portia na msaidizi wake Nerissa wanawasema wachumba sita. Wa Napoli hana habari ila za farasi wake. Mwingine kazi yake kununa. Mjerumani ni mlevi, na Mwingereza amejivisha nguo za kuokoteza nchi mbalimbali. Ni kejeli kali, lakini kila mmoja anasemwa kwa mwenendo wake.

Kisha mtumishi analeta habari kwamba Mwana wa Mfalme wa Moroko atawasili usiku huo. Hajaonekana wala hajatamka neno. Papo hapo Portia anasema kwamba hata akiwa na hulka ya mtakatifu, maadamu ana rangi ya shetani, afadhali awe padri wa kumuungamisha kuliko kuwa mumewe. Ona alivyoipanga sentensi: utakatifu umewekwa upande mmoja wa mizani na rangi upande wa pili, na rangi imeshinda.

Mgeni anapoingia, maneno yake ya kwanza ni ya kujitetea: usinichukie kwa rangi yangu, hili ni vazi nililovishwa na jua, jirani yangu. Hakuna mchumba mwingine anayelazimika kuanza hivyo. Anaendelea: mleteni mzuri kuliko wote huko kaskazini ambako jua halina nguvu ya kuyeyusha barafu, tuchanjwe sote wawili, ionekane damu ya nani ni nyekundu zaidi. Hakuna anayelijibu ombi hilo la kuchanjwa. Chapisho la mwaka 1600 linaagiza aingie amevaa nguo nyeupe tupu, na agizo hilo lifuatwe na yeyote anayeigiza shuleni. Kumpaka mwigizaji masizi usoni ni kosa, kwa sababu watazamaji watacheka kabla hajasema neno, na utakuwa umeirudia hukumu ya Portia kwa mikono yako.

Jibu la Portia lina mtego kwa mfasiri. Anamwambia kwamba yeye ni "fair" sawa na mchumba yeyote aliyewahi kumwona. Neno hilo la Kiingereza linabeba weupe, uzuri na usawa kwa mpigo. Sisi tuna maneno matatu tofauti. Ukiandika "mzuri", rangi imepotea. Ukiandika "mweupe", umemtia Portia uongo wa wazi kinywani. Mimi ningeandika "hupungukiwi na kitu mbele ya waliokutangulia", kwa kuwa msomaji anakumbuka kwamba waliotangulia wote walidharauliwa. Makali yanabaki, ingawa rangi inatoka. Na kwetu "mweupe" ni neno la kuliangalia vizuri: moyo mweupe ni sifa, lakini mwanafunzi akiambiwa yuko mweupe, maana yake hana kitu kichwani.

Moroko anachagua dhahabu baada ya kufikiri kwa mistari zaidi ya 40, anakuta fuvu na karatasi yenye maneno ambayo sasa ni methali kwetu: vyote ving'aavyo si dhahabu. Anaondoka kwa heshima, bila matusi. Portia anashusha pumzi na kuomba wote wa rangi ya Moroko wachague vivyo hivyo. Wako wanaomtetea kwamba enzi zile neno alilotumia, "complexion", lilimaanisha pia tabia ya mtu, kutokana na mchanganyiko wa vimiminika vinne vya mwili: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ni kweli neno lilikuwa na maana hiyo. Lakini Moroko mwenyewe alilitumia neno hilohilo pamoja na jua lililomuunguza, kwa hiyo masikio ya ukumbini yalishaelekezwa kwenye ngozi.

Linalouma zaidi linakuja baadaye. Bassanio, atakayeshinda, anatoa hotuba ndefu dhidi ya mapambo, akisema nywele za dhahabu kichwani mwa mrembo huenda zimetoka kwenye fuvu la maiti. Ni mafunzo yetu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ila katikati ya hotuba hiyo anatafuta mfano wa ubaya uliofunikwa kwa shela nzuri, na anachokitaja ni urembo wa Kihindi. Hata anayefundisha kwamba sura hudanganya ameazima ngozi nyeusi kuwa mfano wa ubaya. Na Shylock anapodai kwamba binti yake Jessica ni nyama na damu yake, anajibiwa kwamba nyama zao zimetofautiana kuliko jiwe jeusi na pembe ya ndovu. Baba na binti! Jessica alichofanya ni kutoroka na Mkristo na kuchukua mali ya baba yake. Hapo rangi imeachana kabisa na ngozi, imekuwa alama ya upande anaosimama mtu.

Kwa mwalimu, karatasi moja yenye safu nne inatosha. Mwanafunzi anukuu kila neno la rangi, amtaje aliyelisema, aandike kama anayesemwa yupo au hayupo, kisha kama tendo lake limeshaonekana. Safu ya tatu ndiyo inayofunua mengi, kwa kuwa Portia huitaja rangi Moroko akiwa hayupo. Karatasi hiyo itamnasa pia mwanamke mweusi ambaye mtumishi Lancelot ametajwa kumpa mimba: hana jina, haonekani, hasemi. Makosa yanayojirudia ni mawili. Wengine humwita mtunzi mbaguzi na kufunga kitabu. Wengine husema "enzi zile ndivyo ilivyokuwa" na kufunga vilevile. Wote wamelikwepa swali la nani anasema nini na lini, wakati mtunzi huyohuyo ndiye aliyempa Moroko hoja ya damu.

Jedwali hilohilo liwekee habari za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye ukoo wa watumwa, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911. Alipopata jina, wapinzani walimwimba: amekuwa mtu lini, alikuja mjini na kaniki, kama si sauti angekula nini? Kaniki ilikuwa nguo ya buluu iliyokoza karibu na weusi, iliyovaliwa na watumwa, kwa hiyo waliotaja nguo walikuwa wametaja asili bila kuitamka. Hata hivyo wametumbukia wenyewe, maana kejeli yao imelazimika kuitaja sauti. Siti aliishika hapohapo na kujibu kwa wimbo: uzuri na sura jamali si hoja, wala jadi tukufu, hasara ya mtu ni kukosa akili.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Sahani za santuri ziliporudi pwani ya Afrika Mashariki, watu wasiowahi kumtia machoni waliisikia sauti kwanza, na sura yake hawakuijua.