Senti za tundu kwenye kiwanja cha sikukuu

Kiwanja chetu cha sikukuu kiko nje kidogo ya Wete, Pemba. Idi ikifika, watoto hujaa pale na mkono wa Idi mfukoni, wakanunua ubuyu na mapurutangi, wakapanda pembea. Binamu yangu aliponiletea ditekta, mashine ya kutafutia vitu vya chuma na shaba ardhini, kutoka Maskati, sikufikiria mahali pengine. Sarafu zilizowaponyoka watoto wa zamani lazima zingali mchangani.

Nilianza kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Nilimwambia wazi kwamba nitachimba vishimo vidogo, nitavifukia, na nikikutana na kitu cha kale kweli nitakiacha palepale na kumwita. Akaniruhusu, ila akanikataza kwenda upande wa makaburi. Na hilo ni haki. Ng'ambo ya hori letu ndiko kuliko Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, pamoja na chache za dhahabu. Kama mtu mwenye mashine angetangulia kuzizoa, leo tusingejua zilikuwa pamoja na nini wala zililala katika tabaka gani. Maeneo kama hayo siyakanyagi na ditekta.

Wiki ya kwanza nilitoka na vizibo vya soda, misumari na kipande cha jembe. Udongo wa kiwanjani ni mwekundu, una chembe za chuma, na mashine ilikuwa inalia kila hatua. Nikajifunza kuituliza: unatafuta mahali pasipo na kitu, unaipandisha na kuishusha sahani yake ya chini karibu na ardhi huku unarekebisha, mpaka makelele yanyamaze. Baada ya hapo chuma hukoroma kwa sauti nzito, na shaba hulia kwa sauti nyembamba. Vizibo vilinidanganya mpaka mwisho, nami nilivichimba vyote, maana bora kizibo mkononi kuliko sarafu iliyoachwa.

Nilingoja masika yapite, udongo ukiwa bado laini. Nakata majani pande tatu, nayafunua kama kifuniko, udongo naumwaga juu ya kitambaa, kisha narudisha kila kitu na kukanyaga. Sarafu hazikuwa chini zaidi ya shubiri moja. Sizisugui hata kidogo, naziosha kwa maji matupu, kwani ukisugua unaondoa maandishi.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni daftari. Kila nilichopata nilikichorea alama kwenye ramani ya kiwanja. Karibu na barabara zilitoka sarafu za senti tano za samaki, zile zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande wa pili, na thumni mbili za sungura, yaani za senti hamsini. Lakini upande wa kisiki cha mwembe zilitoka sarafu za senti kumi peke yake, zile za tundu katikati, jumla kumi na moja, hakuna hata moja ya baada ya Uhuru. Moja ni ya mwaka 1936, ina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza ambaye hakumaliza hata mwaka kwenye kiti. Na kwenye ramani zilijipanga kama upinde, mbele ya kisiki.

Nikampelekea ramani bibi wa jirani, ambaye alizaliwa na kukulia hapahapa.

"Bibi, hapa palikuwa na nini?"

Aliitazama kidogo tu. "Pembea, mjukuu wangu. Ilifungwa kwenye tawi la mwembe. Ukirushwa juu kabisa, miguu inapita kichwa, na pesa zinakutoka. Sisi wajanja tulizitunga kwenye uzi, tukavaa shingoni. Mwembe ulipoanguka, pembea ikahamishiwa barabarani."

Nilikaa kimya. Upinde ule ulikuwa mapito ya miguu ya watoto hewani.

Sarafu nimemkabidhi sheha pamoja na nakala ya ramani, ziwekwe skuli. Moja tu, kwa idhini yake, nilimrudishia bibi. Aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole kwenye tundu, kisha akaifunga kwenye pindo la kanga yake.